Uhuru Afrika: maana yake katika jazi ya Randy Weston

"Uhuru Afrika" ni utungo mmoja mrefu wa jazi, wenye utangulizi na sehemu nne. Aliutunga mpiga piano wa Marekani, Randy Weston, ukarekodiwa New York mwezi Novemba 1960. Sisi tunaozungumza Kiswahili jina hilo tunalielewa papo hapo. Ila hebu fikiria: neno "uhuru" lilirekodiwa katika studio ya Marekani zaidi ya mwaka mmoja kabla bendera ya Tanganyika haijapandishwa.

Weston alizaliwa Brooklyn tarehe 6 Aprili 1926. Baba yake, Frank, alikuwa mfuasi wa Marcus Garvey, Mjamaika aliyehimiza watu weusi wote wajivunie Afrika na kuungana, na alimlea mwanawe kwa fundisho moja: wewe ni Mwafrika, umezaliwa tu Marekani. Ndiye pia aliyesisitiza kijana ajifunze piano, ingawa kwa urefu wake wa takriban mita 2 wengi wangemwona ni mtu wa mpira wa kikapu. Baadaye Weston alikaa karibu na mpiga piano wa jazi Thelonious Monk, akajifunza kwake namna ya kuacha nafasi kati ya noti. Ukimsikiliza, mkono wa kushoto unashuka kwenye noti nzito za chini na kuzigonga kama ngoma kuu, huku wa kulia ukijibu kwa vipande vifupi. Hata akiwa peke yake jukwaani, kuna anayeita na anayeitikia.

Mwaka 1960 nchi 17 za Afrika zilipata uhuru. Weston alitaka kuupokea mwaka huo kwa muziki, na alitaka lugha ya Kiafrika isikike ndani yake. Akaenda Umoja wa Mataifa kuwauliza wanadiplomasia Waafrika atumie lugha gani. Akaambiwa: Kiswahili. Hapo ndipo anapoingia Tuntemeke Sanga, Mtanganyika ambaye Watanzania walikuja kumjua kama mbunge wa Makete. Mshairi Langston Hughes aliandika shairi la uhuru, na sauti inayolisoma kwa Kiswahili katika utangulizi ni ya Sanga. Nadhani hili tunalizungumza kidogo mno. Huyu ni mtu wa kwetu, anasoma kwa lugha yetu, nyuma yake wamekaa baadhi ya wanamuziki bora wa jazi wa wakati ule.

Mwingine anayesahaulika ni Melba Liston, mpiga tromboni. Weston alizitunga nyimbo, lakini Liston ndiye aliyezipangia bendi nzima, akiamua tarumbeta ziingie wapi, filimbi ishike nini na ngoma zibaki peke yake lini. Kazi hii isingesimama bila mkono wake.

Na ngoma ndizo zinazoeleza dhana yenyewe kuliko maneno. Weston aliwaweka studio moja Babatunde Olatunji wa Nigeria, Candido Camero na Armando Peraza wa Cuba, na Max Roach wa Marekani. Alikuwa anaonyesha kwamba bahari iliwatenganisha watu hawa lakini mdundo haukukatika. Kwake yeye, jazi, blues na muziki wa Cuba ni matawi ya mti mmoja, na uhuru wa Afrika ulikuwa uhuru wa mti mzima, Brooklyn ikiwamo. Serikali ya makaburu Afrika Kusini iliuelewa ujumbe huo vizuri sana: mwaka 1964 iliipiga marufuku santuri hiyo.

Mwenyewe hakuishia kwenye jina. Alifika Lagos mwaka 1961 na tena 1963, akazunguka nchi kadhaa za Afrika mwaka 1967, kisha akahamia Morocco, ambako alifungua klabu mjini Tangier na kupiga pamoja na mafundi wa Gnawa, muziki wa kiroho wa Wamorocco wenye asili ya Afrika kusini mwa Sahara. Alifariki Brooklyn tarehe 1 Septemba 2018.

Sehemu ya mwisho ya utungo inaitwa "Kucheza Blues". Kwa Kiswahili ala hupigwa, haichezwi. Piano tunapiga, ngoma tunapiga. Anayecheza ni yule aliyesimama mbele ya wapigaji, miguu ikiwa chini na mabega yakienda na mdundo. Kwa hiyo mtu wa pwani akilisoma jina hilo hasikii habari ya bendi. Anasikia anaitwa uwanjani.