Bushi za ekseli ya mbele: si uzee wa trekta

"Trekta likizeeka, mbele lazima licheze." Kauli hii ni ya kila siku kwa madereva wanaolima kwa ekari, na imewagharimu wengine ekseli nzima. Kwenye Massey Ferguson 240 inayovutwa na magurudumu ya nyuma tu, kila gurudumu la mbele limeshikwa na spindo, ile pini nene iliyosimama wima ndani ya shimo mwishoni mwa ekseli. Shimoni humo mna bushi mbili, vijibomba vifupi vinavyoikumbatia spindo, ya juu na ya chini. Zimewekwa makusudi ziliwe zenyewe, ili spindo na ekseli, ambazo ndizo ghali, zipone.

"Gurudumu likicheza ni beringi." Huenda, ila pima kabla ya kununua. Zuia magurudumu ya nyuma, nyanyua mbele, tegemeza kwa stendi na usiamini jeki peke yake. Chomeka kabari za mbao juu ya ekseli pande zote mbili, maana inabembea kwenye pini ya katikati na trekta linaweza kukulalia. Sasa shika tairi juu na chini, vuta na sukuma. Mwenzako asiangalie tairi. Aangalie pale spindo inapoingia kwenye ekseli. Habu, yaani kitovu cha gurudumu, ikicheza huku spindo imetulia, ni beringi, na pengine inataka kukazwa tu. Spindo yenyewe ikitikisika na kutema grisi nyeusi kila unapovuta, bushi zimekwisha.

"Kaza tairodi, mchezo utaisha." Hautaisha. Tairodi ni fimbo ya usukani inayoyageuza magurudumu ya mbele; ukibadili urefu wake unabadili magurudumu yanavyotazamana, na tairi zitaanza kulika upande mmoja.

"Kipande cha kopo kinatosha." Nimevitoa sana hivi, bati la kopo la maziwa limeviringishwa kuzunguka spindo. Hutoka vimechanika, vyembamba kama ganda la kitunguu, vikiwa vimeshaichora spindo mistari na kuziba njia ya grisi. Kama uko katikati ya shamba na mvua inakuja, nakuelewa. Msimu mzima, hapana.

"Bushi mpya ni nyundo tu." Hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Ya zamani ikigoma kutoka, ipasue kwa jino la msumeno wa chuma kutoka ndani, taratibu, usifike kwenye ukuta wa ekseli; ikishapasuka inalegea yenyewe. Mpya usiipige mdomoni, utaukunja. Ivute kwa bolti ndefu yenye washa nene pande zote mbili, iingie imenyooka. Kabla ya kuvuta, hakikisha tundu la bushi linatazamana na tundu la nipo, kile kichwa cha kupigia grisi, la sivyo grisi haitapita kamwe. Ikishabanwa shimoni, kipenyo chake cha ndani hupungua kidogo, na spindo inaweza kukataa kuingia. Wengi hapo hukimbilia msasa. Dawa yake ni rima, kifaa cha kukwangua tundu hadi kipimo chake. Kama huna, peleka ekseli kwa mkerezaji. Spindo iingie kwa mkono na izunguke bila kuyumba. Ipitishie ukucha pia: ukihisi ngazi pale bushi ilipokaa, spindo imelika, na bushi mpya juu yake ni hela ya kutupa.

"Badili ya chini tu." Ni kweli hiyo huliwa haraka, iko karibu na tope. Lakini umeshafungua, ya juu unaiachia nini?

"Grisi niliweka siku ya kufunga." Kwenye tope, weka kila siku. Kila baada ya mara kadhaa nyanyua magurudumu kwanza, ili uzito uondoke kwenye beringi ya chini ya spindo (si ile ya gurudumu) na grisi ipate pa kupita. Pampu mpaka uione mpya ikitoka pembeni. Na nipo ikikataa, usiseme imejaa. Ifungue uchokonoe kwa waya. Mara nyingi utakuta udongo umekauka humo, mgumu kama kigae.