Geji ni kipimo, si sifa

Geji ya reli ni umbali kati ya nyuso za ndani za reli mbili, unaopimwa milimita chache chini ya kilele cha reli. Basi. Haikwambii treni inavutwa kwa dizeli au kwa umeme, inakwenda mbio kiasi gani, wala njia ilitandikwa lini. Lakini hapa Mombasa, kuanzia Miritini hadi kwa mawakala wa forodha Kilindini, SGR (reli ya geji sanifu, yaani milimita 1,435) imekuwa jina la treni yoyote mpya, na sasa hata Tazara, reli ya Tanzania na Zambia, inaitwa "SGR ya kwanza ya Wachina".

Chanzo ni lile jina "reli ya kisasa", ambalo watangazaji walilipenda kuliko "reli ya geji sanifu". Usasa wenyewe uko wapi? Milimita 1,435 zilianzia kwenye njia za makaa ya mawe kaskazini mwa Uingereza, George Stephenson akazichukua, na mwaka 1846 Bunge la huko likazitungia sheria. Reli ya kwenda Uganda ilipoanza kutandikwa hapa Mombasa mwaka 1896, ilipewa mita moja kamili, kipimo kilichokuwa kikitumika India, walikotoka mafundi na vibarua wengi. Kwa hiyo hiyo ya "kisasa" ndiyo kongwe.

Zambia ina njia yake. Reli ilitoka kusini, Rasi (Cape) ya Afrika Kusini, kwa geji ya milimita 1,067, iitwayo geji ya Rasi, ikafika Kabwe (Broken Hill ya wakati ule) mwaka 1906 na mpaka wa Kongo mwaka 1909. Wachina walipoijenga Tazara kati ya 1970 na 1975, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, hawakuleta 1,435 ya kwao, wala hawakufuata mita moja waliyoikuta Dar. Walitandika 1,067, maana behewa la shaba lilipaswa kutoka migodini hadi bandarini bila kupakuliwa njiani.

Milimita 67 zaonekana ndogo, na hapo ndipo watu wanapokosea. Kati ya mita moja na 1,435 kuna milimita 435, nafasi ya kutosha kutandika reli ya tatu juu ya mataruma (vipande vinavyolazwa chini ya reli) yaleyale. Kati ya mita moja na 1,067 haiwezekani: reli ya kilo 60 kwa mita ina kichwa cha milimita 72 hivi na kitako cha 150, kwa hiyo reli mbili zingepandana. Itabidi ziwe nne. Ndiyo sababu Kidatu kuna kituo cha kuhamishia shehena kati ya Tazara na reli ya mita moja ya Tanzania. Naivasha nako kipo cha kutoka SGR kwenda reli ya zamani ya mita moja, ingawa huko reli ya tatu ingewezekana. Shaba safi husafiri kama mabamba yaliyofungwa mafurushi ya tani mbili hadi tatu. Kila yanapohamishwa ni kreni, kuhesabu upya na kukagua lakiri, na hapo ndipo siku zinapopotea. SGR yetu ikivutwa hata hadi mpaka wa Zambia, bado itakutana na 1,067.

Na uzito? Njia ya madini ya chuma ya Sishen hadi Saldanha, Afrika Kusini, ni ya geji ya Rasi, ya umeme, na inabeba tani 30 kwa ekseli. SGR ya Mombasa ni ya dizeli na imejengewa tani 25. Kinachoamua ni uzito wa reli, mataruma, kokoto na udongo ulioshindiliwa chini yake.

Anayeisifu "SGR ya umeme" ya Dar hajakosea, kwani ametaja mambo mawili tofauti na yote ni kweli. Ya Mombasa ni SGR pia, ila haina nyaya. Tazara si SGR, na ukitaka kuipa jina la heshima, wenyewe waliiita Reli ya Uhuru.