Mambo Yasiyopigiwa Kura: Demokrasia katika Sanaa ya Wajerumani

Usiku wa tarehe 17 Oktoba 2016, Wajerumani waliketi mbele ya televisheni wakageuzwa mahakimu. Filamu iliyorushwa ilitokana na tamthilia ya Ferdinand von Schirach iitwayo Terror, yaani Ugaidi. Gaidi ameteka ndege yenye abiria 164 na kuielekeza kwenye uwanja wa mpira wa Munich, uliojaa watu 70,000. Rubani wa kijeshi, Lars Koch, anaitungua ndege hiyo kinyume cha amri. Ni muuaji? Watazamaji wakapiga kura, na takriban asilimia 87 wakataka aachiwe huru. Kwenye majumba ya tamthilia mambo huwa hivyo hivyo: mwandishi ameandaa hukumu mbili, na husomwa ile iliyopata kura nyingi.

Sisi tunaofundisha fasihi tunaipenda tamthilia hii kwa sababu ina mtego. Mwaka 2005 Ujerumani ilikuwa na sheria iliyoruhusu jeshi kutungua ndege ya namna hiyo. Tarehe 15 Februari 2006 Mahakama ya Katiba, iliyoko Karlsruhe, ikaifuta. Ibara ya kwanza ya Katiba ya 1949 inasema utu wa binadamu haugusiki, na abiria asiye na kosa hawezi kufanywa tarakimu ya kutolewa kwenye hesabu ya wengine. Mahakama haikusema rubani kama Koch aadhibiwe vipi. Ilisema tu kwamba dola haina ruhusa ya kutunga sheria hiyo. Tena Ibara ya 79 inakataza msingi huo usiguswe hata wabunge wote wakikubaliana.

Kwa hiyo watazamaji waliulizwa waamue kwa wingi wa kura jambo linalogusa kitu ambacho katiba imekiweka nje ya kura. Baadhi ya wanasheria walikasirika, na sioni kama walikosea. Lakini nadhani hapo ndipo penye thamani ya tamthilia hii: inamwonjesha mtu raha ya kuwa upande wa wengi, kisha inamwacha aende nayo nyumbani.

Wajerumani wana sababu ya kuiogopa raha hiyo. Tarehe 23 Machi 1933 bunge lao lilimpa Hitler na serikali yake uwezo wa kutunga sheria bila bunge, kwa kura 444 dhidi ya 94. Wabunge wa Kikomunisti walikuwa wamezuiwa na ukumbi umejaa vitisho, ni kweli, ila kura zilihesabiwa. (Babu wa Schirach mwenyewe aliongoza vijana wa Kinazi, akafungwa miaka 20 na mahakama ya Nuremberg.)

Swali jingine ni hao wanaopiga kura ni akina nani. Juu ya lango la jengo la Bunge mjini Berlin kuna maandishi ya mwaka 1916: Dem Deutschen Volke, kwa taifa la Wajerumani. Mwaka 2000 msanii Hans Haacke aliweka ndani, uani, maandishi yake kwa herufi za mtindo uleule: Der Bevölkerung, kwa wakazi. Wabunge walibishana sana, na kazi hiyo ikapita kwa kura 260 dhidi ya 258.

Ugomvi huo kwetu sisi Waswahili haueleweki kwa shida. Mwananchi ni mwana wa nchi. Mkazi anakaa tu. Anaweza kulipa kodi na kusomesha watoto hapo miaka 30, na siku ya uchaguzi wa Bunge akabaki nyumbani kwa kuwa si raia.

Haacke aliwaomba wabunge walete udongo kutoka majimboni mwao, waumwage kuzunguka herufi hizo. Wengi wameleta. Mbegu zilizojificha ndani yake zimeota, na udongo wa Bavaria umekwishachanganyika na wa Brandenburg. Hakuna anayepalilia.