Mwanga Usiojulikana Angani: Ripoti ya Raia Huchunguzwaje?

Aliyesimama ufukweni Mama Ngina, Mombasa, usiku akaona mwanga umening'inia angani, kwa kawaida huanza na ukubwa na umbali: "Ulikuwa mkubwa kama basi, juu kidogo ya Likoni." Hayo ndiyo yasiyomfaa mchunguzi. Gizani jicho halina cha kulinganishia, na droni ndogo iliyo karibu huonekana sawa na ndege kubwa iliyo mbali. Kinachopimika ni pembe. Nyoosha mkono: ngumi hufunika takriban nyuzi 10, kidole cha mwisho nyuzi 1, na mwezi mpevu una nusu nyuzi tu. "Ngumi mbili juu ya upeo wa bahari, kusini-mashariki" ni ripoti inayochunguzika.

Jeshi la Anga la Marekani lilifanya kazi hii kupitia Project Blue Book, mradi wake wa kuchunguza ripoti za vitu visivyojulikana angani, kuanzia 1952 hadi 1969. Kambi iliyo karibu na shuhuda ilimhoji kwanza, kisha jalada likapelekwa kambi ya Wright-Patterson, Ohio. Huko lilipimwa dhidi ya vitu vinavyojulikana: sayari, ndege, maputo ya hali ya hewa, vimondo, setilaiti. Kati ya ripoti 12,618, ni 701 zilizobaki bila kutambuliwa. Zenye maelezo pungufu ziliwekwa kando, na ni haki, maana ripoti isiyo na saa wala uelekeo haithibitishi ajabu yoyote.

Saa hasa, kwetu sisi, ina mtego wake. Saa mbili usiku ni 20:00, na kwa saa za Greenwich ni 17:00. Karani akiandika 02:00, anakosea kwa saa sita. Anga huzunguka nyuzi 15 kila saa, kwa hiyo mchunguzi atakagua anga iliyosogea nyuzi 90, na sayari iliyokuwa inang'aa mbele ya shuhuda haitakuwapo kwenye hesabu zake. Andika "usiku" au "alfajiri" kila mara, na dakika pia.

Sayari ya Zuhura huwadanganya wengi. Jioni hukaa magharibi, upande wa Changamwe kwa aliye kisiwani. Alfajiri hutokea baharini. Ukiwa garini itaonekana inakufuata. Hata ukisimama, nukta moja gizani huonekana kuyumba. Simama pale pale, ilinganishe na ncha ya paa au kuti la mnazi kwa dakika kumi na tano: ikisogea taratibu pamoja na nyota za jirani, ni ya mbinguni. Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu, kinachozunguka dunia, hukatiza anga kwa dakika chache tu, na huweza kuzimika ghafla kinapoingia kwenye kivuli cha dunia.

Mashuhuda wahojiwe kila mmoja peke yake, kabla hawajasimuliana. Mmoja akiwa Nyali na mwingine Likoni, mistari ya uelekeo wao ikichorwa kwenye ramani hukutana pale kitu kilipokuwa, na hapo ndipo umbali hupatikana kwa haki.

Video ikabidhiwe kama ilivyorekodiwa. Ikipitishwa WhatsApp hubanwa, na taarifa za saa na mahali zinaweza kupotea. Usivute picha karibu: kamera ya simu ikikosa kulenga, nukta ya taa hugeuka sahani.