Ipo kwenye diski, haimo kwenye PATH

Mtu anasakinisha zana huria ya mstari wa amri, tuseme ripgrep, ya kutafuta maneno ndani ya faili, kwa kutumia Cargo, kisakinishi cha lugha ya Rust. Kazi inakwisha bila kosa lolote. Anaandika rg, jina la amri ya ripgrep, anajibiwa "command not found", yaani amri haikupatikana. Papo hapo anaambiwa: "Haijasakinishwa, rudia." Ushauri huu unapoteza muda wa wanaoanza, kwa sababu ujumbe ule hausemi hivyo hata kidogo.

PATH ni orodha ya folda ambamo programu inayopokea amri zako, kama Bash au Zsh, hutafuta jina uliloandika. Folda hutenganishwa kwa nukta pacha kwenye Linux na macOS, kwa nukta mkato kwenye Windows. Hupekuliwa kwa mpangilio, na faili ya kwanza kupatikana ndiyo huendeshwa.

Orodha hii ina historia yake. Katika toleo la 6 la mfumo endeshi wa Unix, la mwaka 1975, amri zilitafutwa kwenye folda uliyomo, kisha /bin, kisha /usr/bin, na mpangilio huo ulikuwa umeandikwa ndani ya programu yenyewe. Toleo la 7, mwaka 1979, lilikuja na programu mpya ya amri ya Stephen Bourne wa Bell Labs, na ndani yake PATH: sasa mtumiaji mwenyewe angeweza kusema patafutwe wapi. Uhuru huo ndio unaosahaulika leo.

Kusakinisha ni kuweka faili mahali pake. Kuijua amri ilipo ni suala jingine kabisa. Kwa kawaida Cargo huweka zana zake ~/.cargo/bin (alama ~ ni folda yako ya nyumbani), go install ya lugha ya Go huziweka ~/go/bin, na pip ya Python yenye --user huziweka ~/.local/bin kwenye Linux. Folda isipokuwamo kwenye orodha, hata ukirudia usakinishaji kutwa nzima faili itatua palepale. Kuna na kinyume chake: umeweka toleo jipya, lakini la zamani ndilo linaloitika kwa kuwa folda yake imetangulia. Hapo type -a rg itakuonyesha yote mawili.

Kwa hiyo tuseme "haikupatikana kwenye PATH", kisha tutazame echo $PATH kabla ya kurudia chochote. Folda ikikosekana humo, ongeza export PATH="$HOME/.cargo/bin:$PATH" kwenye ~/.bashrc au ~/.zshrc, ufungue terminali mpya, yaani dirisha la kuandikia amri. Iliyokuwa wazi bado inatumia orodha ya zamani.