Kidari kigumu cha kuku wa nyama hakitibiwi kwa antibayotiki

Wafugaji wanaowauzia wenye hoteli kuku wakubwa hurudishiwa malalamiko yaleyale: kidari kigumu kama ubao, mistari myeupe kwenye mnofu, au nyama inayochambuka nyuzinyuzi ikiwa bado mbichi. Wengi hukimbilia duka la dawa. Hakuna maambukizi hapo, ni hela ya bure.

Mbegu kama Ross 308 na Cobb 500 zimechaguliwa kwa ukuaji wa haraka na kidari kipana. Nyuzi za msuli hunenepa kuliko mishipa midogo ya damu inavyoweza kuzihudumia. Oksijeni hupungua, nyuzi zinakufa, na pengo linajazwa na mafuta, ndiyo ile mistari, au kovu, ndio ule ugumu. Madume hupata zaidi ugumu. Majike, nyama ya kuchambuka.

Uzito ndio wa kutazama kwanza. Kuku wa kilo 1.5 huwa hana shida kubwa. Wa kilo 3 ndiye mwenye hatari. Kuanzia wiki ya tatu papasa vidari vya kuku wachache, na wazito wenye ugumu wauze mapema. Nyama yao inalika, ila haishiki viungo na hupoteza maji mengi jikoni, hivyo ni heri isagwe.

Chakula cha unga badala ya peleti, yaani kile kilichoshindiliwa kuwa punje, hupunguza kasi ya kukua. Kuwabana chakula kisha kuwaachia wale watakavyo si dawa, maana hukua kwa kasi kufidia. Vitamini E na seleniamu zitoshe kwenye mchanganyiko, lakini kuzizidisha hakuondoi tatizo. Na tafadhali, usijiongezee laisini, kirutubisho cha kujenga protini, kwa kukisia: ndiyo inayojenga kidari.

Nyama ya kijani ni jambo jingine. Hutokea kwenye mnofu mdogo wa ndani ya kidari, uliobanwa kati ya mfupa na utando usiotanuka. Kuku akipiga mabawa sana, mnofu huvimba, damu hukatika, nyama hufa. Basi usimpime kuku kwa kumning'iniza mabawa, zuia mbwa na watoto bandani, na unapokamata punguza mwanga, umshike kwa mikono miwili mabawa yakiwa yamefumbwa. Rangi hiyo huchukua siku kadhaa kutokea. Kwa hiyo ukiiona machinjioni, usimlaumu aliyekamata kuku usiku huo. Uliza nini kiliwashtua wiki iliyopita.