Sumaku ya mlango wa moto kazi yake ni kuachia

Wiki iliyopita msimamizi wa hospitali moja ya binafsi hapa Dar es Salaam alinipigia simu saa mbili usiku kunieleza, kwa sauti ya mtu aliyeuziwa kitu kibovu, kwamba milango ya kuzuia moto ya korido zake inajifunga yenyewe kila umeme unapokatika. "Fundi, sumaku zenu zinashindwa kazi," aliniambia. "Kijana wetu wa matengenezo ameziunganisha kwenye UPS na sasa zimetulia, ila njooni mbadilishe." Maneno haya nimeyasikia hotelini, kwenye mabweni ya wanafunzi na kwenye majengo ya ofisi, na kila mara tiba iliyochaguliwa ilikuwa UPS, kile kifaa chenye betri kinachoendelea kutoa umeme wa jengo ukikatika. Nimeamua kuandika kwa sababu kijana yule, kwa nia njema kabisa, aliikuta milango mitano ikiwa salama akaiacha ikiwa hatari, na hakuna taa hata moja kwenye paneli ya kengele iliyomtahadharisha.

Sehemu ya mkanganyiko huu imo katika lugha yetu wenyewe. Tunasema fundi "amefunga" sumaku, kisha tunasema sumaku "inafunga" mlango, na kitenzi hicho kimoja kinatufanya tuamini kwamba sumaku ndiyo inayousukuma mlango kwenye fremu yake. Sumaku haisukumi chochote. Imepachikwa ukutani ikitazamana na bamba la chuma lililoko mgongoni mwa mlango, na inapopata volti 24 za mkondo mnyoofu hulishika bamba hilo ili mlango ubaki wazi. Mkondo ukikoma, mshiko unakwisha, na kinachouvuta mlango ni springi iliyomo ndani ya kloza, yaani kifunga-mlango kilichoko pale juu. Nguvu ya springi hiyo haikutoka kwenye waya wowote: aliiweka yule aliyeufungua mlango kwa mkono wake asubuhi. Kwa hiyo mlango huu hauhitaji umeme ili ujifunge, unauhitaji ili ubaki wazi, na anayelalamika kwamba umejifunga umeme ulipokatika analalamikia kitu kilichofanya kazi sawasawa na kilivyosanifiwa.

Wapo pia wanaochanganya mlango wa kuzuia moto na mlango wa dharura, wakidhani mlango uliojifunga unawazuia watu kutoka. Haujafungwa kwa ufunguo, na mtu anausukuma anapita. Uko pale ili moshi wa chumba kimoja usiijaze korido ambayo wengine wote wanaitegemea kukimbilia nje.

Sasa nirudi kwenye UPS, kwa sababu hapa ndipo madhara yalipo. Paneli nyingi za kengele zina rilei ya moto, yaani swichi inayoendeshwa kwa umeme, yenye nukta tatu za kuunganishia waya, zilizoandikwa C (ya pamoja), NC (inayopitisha mkondo kwa kawaida) na NO (isiyopitisha mkondo kwa kawaida). Mafundi wengi walifundishwa sentensi moja tu: pitisha chanya ya sumaku kwenye C na NC, kengele ikilia rilei itavuta, mkondo utakatika na mlango utaachiwa. Sentensi hiyo ni ya kweli, na ukiijaribu kwa kubonyeza kitufe cha kengele mbele ya mteja, milango yote itajifunga na mteja atatia saini. Kinachosahaulika ni kwamba herufi NC zinaeleza hali ya rilei ikiwa haina umeme. Rilei hiyo hulala siku zote na huamshwa na paneli wakati wa moto tu. Je, paneli yenyewe ikifa, nani ataiamsha? Fyuzi ikikatika, betri zikichoka bila mtu kuzipima, au radi ikiunguza kadi, rilei inaendelea kulala, NC inaendelea kupitisha mkondo, na kama sumaku zina umeme wao wa pembeni zitaendelea kuishika milango wazi kwa uaminifu wote. Vigunduzi vya moshi havioni kitu, kengele hailii, na milango iko wazi. Hilo ndilo jengo ambalo kijana wa matengenezo alilitengeneza kwa UPS moja na nusu saa ya kazi.

Naomba nieleweke vizuri: kosa hili lipo hata bila UPS. Sumaku zikilishwa na pawasaplai ya peke yake isiyo na betri, umeme wa jengo ukikatika zitaachia, na hapo hakuna neno. Lakini paneli ikifa huku umeme wa jengo upo, hali ni ile ile. UPS inachofanya ni kuondoa hata ule ulinzi mdogo uliokuwa umebaki. Ninachokipigania ni hiki, na ndicho ninachowaambia vijana ninaofanya nao kazi: sumaku isiishi muda mrefu kuliko paneli inayoiamuru.

Dawa yake ni rilei ndogo ya pili ya volti 24, ambayo koili yake, yaani waya uliozungushwa unaoivuta, inalishwa na paneli yenyewe kupitia ile C na NC ya rilei ya moto, na umeme wa sumaku unapita kwenye NO ya rilei hii ya pili. Wakati wa kawaida rilei ya pili iko macho na imevuta, NO imejifunga na inapitisha mkondo, sumaku zinashika. Kengele ikilia, koili inakosa umeme na rilei inadondoka. Paneli ikifa, inadondoka. Panya akiutafuna waya wa koili, inadondoka. Mtu yeyote aliyefundishwa kwamba NO ni mwiko kwenye milango ya moto ataniambia nimekosea, na nimekwisha kubishana na wakaguzi wawili juu ya jambo hili nikiwa nimeshika mita mkononi. Usiniambie herufi zilizochapwa kwenye soketi, niambie rilei iko katika hali gani saa tisa usiku wakati hakuna tatizo, kisha niambie nini kinaweza kuiondoa katika hali hiyo. Waingereza wana kiwango kizima kinachohusu namna kengele ya moto inavyoamuru milango kuachiwa, BS 7273-4, na anayefanya kazi hii kila siku asiishie kwenye karatasi ya maelekezo iliyomo ndani ya boksi la sumaku.

Kuhusu waya nitasema kwa ufupi. Sumaku nyingi za ukutani hula kama miliampea 100. Hospitali ile ina milango mitano ya mbawa mbili, yaani sumaku kumi na ampea moja. Ukichukulia kwamba mzigo wote uko mwisho wa mita 60 za waya wa shaba wa milimita mraba 1, unapoteza kama volti 2.2 njiani, jambo linalovumilika. Ukitumia ule waya mwembamba wa nusu milimita mraba kwa sababu ulibaki kwenye kazi nyingine, unapoteza zaidi ya volti 4, na sumaku ya mwisho inaanza kuuachia mlango kila upepo unapopita, halafu mtu anaokota kabari ya kuuzuia mlango usijifunge. Weka dayodi, kile kifaa kinachopitisha mkondo upande mmoja tu, sambamba na kila koili, upande wenye mstari ukielekea chanya, isipokuwa kama mtengenezaji ameshaiweka ndani. Koili inapokatiwa mkondo hurudisha mpigo mkali wa volti unaounguza kontakti za rilei, na kontakti zilizoungana kwa kuungua hazitaachana hata kengele ilie mpaka asubuhi.

Usizilishe sumaku kwa betri za paneli bila kupiga hesabu. Betri za ampea-saa 7 zikibebeshwa ampea moja ya sumaku peke yake hazifikishi saa saba, ilhali viwango kama NFPA 72 cha Marekani vinaitaka paneli iendelee kulinda kwa saa 24 bila umeme na kisha bado iweze kupiga kengele kwa dakika 5.

Sasa niseme jambo ambalo vitabu havilisemi na ambalo mimi mwenyewe limenisumbua kwa miaka. Vitabu hivyo viliandikwa na watu ambao umeme wao hukatika mara chache sana kwa mwaka. Hapa kwetu umeme unaweza kukatika mara tatu kabla ya chakula cha mchana, jenereta ikachukua sekunde kumi au kumi na tano kuwaka, na kila mara mbawa kumi za milango zikajifunga mbele ya wauguzi wanaosukuma vitanda. Siku ya kwanza watazifungua. Siku ya tano watachomeka kabari, na kabari haina waya wala rilei, wala haisikii kengele. Nimeitazama kabari ya mti wa mkaratusi iliyochongwa kwa ustadi kabisa, ikiwa imepigwa nyundo chini ya mlango uliosanifiwa kuhimili moto kwa dakika 60, na sikuweza kumlaumu aliyeichonga. Kwa hiyo siku hizi, pale ambapo umeme unakatika ovyo, nakubali kuzipa sumaku betri ndogo ya kuvusha pengo la jenereta, kwa sharti kwamba zimepita kwenye ile rilei ya pili, ili paneli ikipiga kengele au ikifa, betri isiwe na sauti yoyote. Wapo wenzangu ninaowaheshimu wanaoniambia kwamba nimelegeza msimamo. Huenda wana haki, lakini kati ya betri inayotii paneli na kabari isiyomtii mtu, nachagua betri.

Yote haya hayana maana kama kloza ni mbovu. Katika moto wa Grenfell Tower mjini London, uliowaua watu 72 Juni 2017, uchunguzi rasmi ulikuta milango mingi ya nyumba ikiwa na vifunga-mlango visivyofanya kazi au isiyo navyo kabisa, na ripoti ya awamu ya kwanza ya mwaka 2019 ikapendekeza vikaguliwe kila miezi mitatu. Kwenye kiwango cha Ulaya cha kloza, EN 1154, nguvu namba 1 na 2 hazihesabiwi kuwa zinafaa kwa mlango wa moto. Namba 3 ndiyo ya kuanzia, kwa mlango wa upana wa milimita 950 na uzito wa kilo 60. Ile kloza ndogo ya bei nafuu ya mlango wa chooni haitaweza kuuingiza ulimi wa kitasa kwenye nafasi yake, na mlango uliobaki wazi kwa upana wa kidole unapitisha moshi.

Jumatano nilikwenda hospitali ile. Niliiondoa UPS, nikaweka rilei ya pili ndani ya boksi la paneli, na nikamwomba msimamizi asimame koridoni pamoja na kijana wake. Sikubonyeza kitufe cha kengele. Nilichomoa fyuzi ya umeme wa paneli, kisha nikachomoa betri zake, nikaiua paneli mbele yao. Sumaku zilitoa mlio wa pamoja, na mbawa tisa zikaenda zikajifunga hadi ulimi wa kitasa ukalia. Ya kumi, ile ya wodi ya watoto, ilisimama sentimita mbili kabla ya fremu kwa sababu fundi wa vigae alikuwa ameinyanyua sakafu. Kijana alipiga magoti, akapitisha kidole kwenye ule mwanya, akauliza kama angeweza kuuparura mlango kwa randa chini. Nikamwambia hapana, mlango wa moto haupigwi randa ovyo, anayeitwa ni fundi wa vigae. Sikuitia saini hati ya wodi hiyo, na ninarudi Ijumaa.